Kolera ilinitoka mu tumbo, ikahamia mu kichwa

Bamama ba kikundi yetu ya sala, muliniomba nisimame niseme namna nilipona. Kusimama nilikataa. Nikisimama mbele ya bantu naanza kuonyesha kidole na kugombeza, na padri hapendi. Njo maana naandika. Nilisoma miaka tatu tu kwa basista, kwa hiyo mukiona kosa muruke, musinicheke. Nitasema yote, hata bintu ya mu kabine, ya mu choo. Ule mwenye kuona haya afunge hii kaye, hii daftari, sasa, asinisumbue kisha.

Miye ni Mama Monga wa Bel-Air. Mama yangu alitoka Kilwa, kule ku ziwa. Baba alitoka Pweto, akakuya kutafuta kazi ya shaba. Bwana yangu, Baba Monga, naye alipata kazi ku kampani, pale pa moto kwenye banayeyusha majiwe. Tulizaa batoto saba. Bajukuu sikubahesabu. Balikuwa banaingia, banakula, banatoka, pengine bengine balikuwa ya jirani.

Kazi yangu ni munkoyo. Kila muntu anajua kuinywa, lakini kuipika ni bachache. Unapika uji mwepesi ya bunga ya mahindi, unaiacha ipoe. Unatwanga mizizi ya munkoyo yenye bantu ba pori banaleta, unaitia mu ile uji, unakoroga na mukono. Unafunika. Asubui uji imekuwa mayi, tamu, inakata kiu. Ni mizizi njo inafanya ile kazi. Namna gani, sijui. Mama yangu hakunieleza, na miye sikuuliza.

Nilikuwa na fasi yangu ku soko, pembeni ya fundi Mwansa, mwenye kushona nguo. Fundi Mwansa ni mutani yangu. Yeye ni wa jamaa ya Mamba, miye ni wa jamaa ya Samaki, na mamba anakula samaki, basi tangu bankambo jamaa zetu mbili ziko mu butani. Anaweza kunitukana mbele ya bantu, anaweza kunyanganya chakula mu mukono yangu, na siwezi kukasirika. Miye pia naweza, na nilifanya. Na kama mutani yako anakufa, ni weye unakuya ku kilio kucheka, kuimba matusi, na kubeba bintu yake mpaka jamaa bakupatie kitu kidogo njo unaachilia. Bwana Mwansa hakuniita Mama Monga hata siku moja. Aliniita Samaki.

Ile mwaka ya kolera, ugonjwa ilianza kule ku ziwa, ikapanda mu kamyo za samaki, ikashuka hapa kwetu wakati ya mvua. Gari ya komini, serikali yetu ya mutaa, ilipita mu barabara zote ikasema kwa sauti kubwa. Hakuna kusalimia na mukono. Hakuna kulya ku kilio. Hakuna samaki mubichi. Soko inafungwa. Hakuna kuuza mayi, matunda ya kukata, na munkoyo. Munkoyo ilitajwa ya mwisho, sawa vile banataja mwizi mukubwa. Misa nayo ilifupishwa. Kitu moja tu haikukatazwa, ni animasio, ile ya kuimba na kucheza kwa kusifu chama ya serikali. Asubui bantu balicheza bega ku bega, jasho ku jasho. Inaonekana kolera iliogopa chama.

Miye nilisema hii ugonjwa ni ya bantu bachafu, hainihusu. Munisikie muzuri bamama, nilisema vile na hii kinywa yangu. Nikaanza kuuzia ku nyumba. Nilitia munkoyo mu birika ya chai, na bamama balikuya kugonga, banauliza kama chai iko. Siku moja aligonga ajenti wa hijieni, mwenye kuangalia usafi kwa komini, kijana mwembamba na kaye mukononi. Nikamumiminia. Alikunywa kopo moja, akaomba ya pili. Kisha akafungua kaye yake.

"Sitwayene," akasema, sawa vile serikali inatuita raia, "chai yako ni ya baridi, haina majani, tena haina sukari. Nitaiandika."

Akamwanga ndobo yangu mbili pa mulango, mbele ya macho yangu. Kopo ya pili aliimaliza kwanza.

Ile hasira njo ilinipeleka ku kilio. Mama mumoja wa barabara ya pili alikufa, haikuwa kolera, alikuwa muzee sana. Komini ilikataza kulya, lakini jamaa balifunga mulango, bakapika kama kawaida. Munajua kwetu beseni moja ya mayi inapita, kila muntu ananawa, kisha mikono yote inaingia mu bukari moja, ile ugali yetu. Mukubwa njo ananawa wa kwanza. Ile siku nilichelewa, na beseni ilipofika kwangu mayi ilikuwa na rangi ya supu. Binti mumoja aliniambia polepole, Mama, tukuletee ingine. Nilimuangalia mpaka akainamisha kichwa. Nikanawa. Nikakula. Nikalamba vidole moja moja, ili bote baone kama Mama Monga haogope gari yenye kupiga kelele.

Siku ya pili yake ilikuwa Jumamosi, siku ya posho, asubui ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha barabara. Tulikuwa barabara nzima tunakata majani, shefu wa barabara anatuangalia. Tumbo ikasema. Haikuuma, ilisema tu, sawa muntu anasafisha koo. Nikaacha jembe, nikaingia mu kabine ya shefu, juu ya vile ilikuwa karibu. Nikatoka, nikarudi. Nikatoka, nikarudi. Shefu alianza kusema kama natoroka kazi ya taifa. Mara ya ine sikufika ku kabine, na shefu akanyamaza.

Ilitoka mayi, mayi tupu, nyeupe sawa mayi yenye umenawia muchele. Hakuna maumivu. Hiyo njo ubaya yake, bamama. Ugonjwa yenye inauma unaiogopa mapema. Hii inakutoka tu sawa robine yenye bameacha wazi, na weye unajisemea itaisha. Kisha nikaanza kutapika. Kisha nyama ya miguu ikajikunja, ikawa ngumu sawa kamba. Macho ikaingia ndani. Ngozi ya mukono, ukiivuta, ilibakia imesimama peke yake. Sauti ikaisha. Baba Monga aliniambia kisha kama ni sauti njo ilimuogopesha. Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kuona nanyamaza bila kulala.

Gari haikuwa. Fundi Mwansa alileta pusupusu ya muntu wa makala, bakanilaza juu ya magunia, yeye anasukuma, Baba Monga anashika kichwa yangu. Njia nzima Mwansa alikuwa anauliza bantu kama banataka samaki, akasema hii ni ya jana, imeanza kunuka, atapunguza. Baba Monga alilia na kucheka pamoja. Miye nilisikia yote. Sikuwa hata na mate ya kumutemea.

Lupitalo ilikuwa imejaa, bakatupeleka mu masomo moja, shule ya batoto, yenye balifunga na uzio ya mahema. Unaingia, banakupulizia javeli, mayi ya dawa yenye kuua bidudu, ku miguu, ku nguo, ku nywele. Kitanda yangu ilikuwa ya mbao, na tundu katikati. Chini ya tundu, ndobo. Unalala matako pa tundu na ugonjwa inajiendea yenyewe, hakuna kukimbia tena. Nilizaa batoto saba, lakini haya yangu yote nilikuwa bado nayo. Niliiacha pale ku ile kitanda, na sijaenda kuitafuta.

Munganga alikuwa mwanamuke mufupi, alitoka mbali, Kiswahili yake ilikuwa ya kujifunza. Serumu, mayi ya dawa yenye kupita mu mushipa, ilikuwa ku mikono mibili, chupa ikiisha banaweka ingine. Kila saa aliniletea kopo kubwa ya mayi ya chumvi na sukari. Nilikunywa, natapika. Nilikunywa, natapika. Siku ya pili nilifunga kinywa. Nilichoka, bamama. Nilisema mu roho, Mungu, kama ni sasa, ikuwe sasa. Nikageuza uso ku ukuta.

Njo nikasikia muntu ku uzio.

"Samaki! Nimesikia unakufa. Nimekuya kubeba nyungu zako mbili kubwa, na ile kikwembe ya kijani ya kujifunga. Kama ni kufa, ukufe mbele ya saa sita, niko na pantalo ya bantu ya kumaliza kushona."

Munganga akakimbia inje na fimbo ya serumu, alidhani ni mwizi. Alikuwa anamugombeza mu Kifaransa, na Mwansa anamujibu kwa upole kabisa kama yeye hana haraka, anaomba tu kujua nyungu ziko wapi. Infirmie Kasongo, muuguzi, mutoto ya hapa, njo alimushika munganga mukono. Akamueleza kama huyu ni mutani, ni sheria, akikosa kukuya ni yeye atakuwa mukosefu. Munganga aliuliza mara mbili kama ni kweli. Kisha akaangalia kitanda yangu, akaona nimeketi.

Sijui nguvu ilitoka wapi. Nilionyesha kopo. Banipatie. Nilikunywa yote, nikatapika nusu, nikaonyesha kopo tena. Mu akili nilikuwa naona Mwansa anapita na nyungu ya mama yangu ku kichwa. Nilikunywa juu ya hasira. Mangaribi nikapata mukojo, na munganga aliona mukojo yangu akafurahi sawa bamemupatia zawadi. Aliniambia, "Mama, utaishi." Ilikuwa maneno yake ya kwanza yenye nilisikia muzuri. Nikamuambia, na ile sauti ya panya yenye ilibakia, aende amuambie ule mamba ku uzio.

Kisha ya siku tano nikarudi ku nyumba. Munafikiri ushuhuda inaishia pale? Na miye nilifikiri.

Ajenti alikuya kupulizia nyumba yetu na javeli, na ile harufu haikutoka mu pua yangu tena. Aliniambia kutokotesha mayi ya kunywa. Nikatokotesha mayi. Kisha nikafikiri, na kopo? Nikatokotesha makopo na masahani. Na bitunguu? Nikatokotesha bitunguu na maganda yake. Nikatokotesha mukate, ikawa uji. Nikatokotesha rozari ya mbao, ikavimba, na tangu pale kusali ilichukua muda mingi zaidi. Makala yetu ya mwezi ilikwisha mu juma moja. Mikono nilinawa na javeli mpaka ngozi ikatoka, vidole vikapasuka, na kila tundu nikaona ni mulango ya kolera, nikanawa tena.

Bajukuu nilibakataza kuingia. Nilisema nao ku dirisha. Baba Monga nilimulaza mu salo, ku fasi ya kupokea bageni, na akipita pa mulango ya chumba nilirudi nyuma mpaka ku ukuta. Usingizi hakuna. Chakula hakuna. Kutoka inje, hata pa mulango, miguu ilikataa. Bantu balifikiri niko nafuata amri ya komini. Bakanisifu hata. Shefu wa barabara alisema Mama Monga sasa ni mufano. Na miye mwenyewe nilisema hii si ugonjwa, ni akili.

Mpaka siku ya abakosti.

Baba Monga alikuwa na abakosti moja tu ya sikukuu, ile koti ya serikali yenye banavaa bila karavati, fundi Mwansa alimushonea na kitambaa muzuri, ya rangi ya majivu. Ku kazi balimuita kwa defile, ile maandamano ya sikukuu. Aliitundika ku mulango asubui, akaenda kunyoa ndevu. Nikaiangalia. Nikafikiri ilikuwa wapi, ilishikwa na nani. Nikaitia mu nyungu.

Ilipotoka imejikunja sawa ya mutoto, Baba Monga aliishika mbele yake. Ni muntu wa upole. Akasema, "Mama Monga, hii naivaa, ao naiweka ku chupa?"

Aliivaa. Angefanya nini? Na shati hawezi kuenda, koti ya kizungu serikali imekataza. Mikono ya nguo ilimufika pa kiwiko, bifungo bilikuwa bimejikaza sawa bantu banashikana mu musafara. Hakuweza kutikisa mikono, akatembea mu defile yote nazo zimenyooka pembeni. Mukubwa mumoja alimusifu kama anaheshimu.

Alipotoka kule alipitia kwa fundi ili amukatie ile nguo kwa mukasi, juu kuivua haikuwezekana. Mwansa akauliza nani alifanya hii. Akaambiwa. Jioni ile alikuya ku dirisha yangu. Nikangojea matusi. Nilikuwa nayatamani hata. Yeye alisimama tu, akaangalia mikono yangu, akasema, "Mama Monga, pole."

Hakuniita Samaki. Bamama, pale njo niliogopa kweli. Ku kitanda ya tundu alinicheka, na sasa nimesimama na miguu yangu, anasema pole. Nikajua niko mubaya kupita vile nilikuwa ku masomo.

Ni yeye alienda kumuita infirmie Kasongo. Kasongo alikuya, hakuingia, aliketi juu ya jiwe mu kiwanja, miye pa mulango ndani. Aliniuliza nalala saa ngapi. Nalia ao silie. Aliniuliza kitu ya mwisho yenye nilikula bila kuogopa. Nikahesabu siku nyuma mpaka ku bukari ya kilio.

"Nkambo," akasema, sawa vile mujukuu anaita bibi yake, "kolera ilikutoka. Hii uko nayo sasa ni ya pili. Inaitwa woga, na inakula muntu polepole."

"Mbona ninyi mulisema tutokoteshe?"

"Tulisema mayi. Hatukusema abakosti."

Nilitaka kumufukuza. Lakini akaendelea, na hakucheka. Akasema haina miye peke yangu. Barabara ya ine iko bwana mumoja anakaa chini ya meza tangu muke yake alikufa. Iko bamama benye kuongea na nyungu, juu soko imefungwa, biashara imekufa, batoto banalia njaa. Akasema ule munganga mufupi alienda mwenyewe ku komini. Alibaambia kolera inaua, na njaa inaua, na kufungia muntu mu nyumba na mawazo yake nayo inaua, na yeye hana kitanda ya kutosha kwa yote tatu. Balibishana siku mbili. Bakakubaliana. Soko itafunguliwa siku ya posho, hata ya munkoyo, kama mayi imetokota, ndobo imefunikwa, makopo yananawa na sabuni.

Akanipatia dawa. Haikuwa kidonge. Ilikuwa kila siku kitu kimoja. Siku ya kwanza, kuketi inje ya mulango mpaka kivuli ya nyumba inifikie. Siku ya pili, kumusalimia muntu mumoja na mukono, na kunawa mara moja tu kisha, na sabuni, haina javeli. Siku ya tatu, Baba Monga arudi mu chumba.

Ya kwanza nilifanya, mukono moja imeshika mulango. Ya pili nilimusalimia mujukuu, alikuwa na siagi ya karanga ku vidole, karibu nizimie. Ya tatu nilisema tungojee kwanza.

Kisha kukafika shefu wa soko. Muntu wa tumbo kubwa, anapenda kuongea akiwa anaangalia pembeni. Akasema fasi yangu ku soko haina ya kukaa, ni ya kuuza. Siku ya posho inayokuya na ile ya kisha, kama siuzi, anaipatia mama mwenye kuuza bitoyo. Samaki ya chumvi pembeni ya fundi wa nguo, mufikiri wenyewe. Na ile fasi, mama yangu njo alianza kuketi pale. Nikasema nitakuya.

Niliamuka ile juma nikapika munkoyo. Nilitokotesha mayi, muzuri. Nilitokotesha uji, muzuri. Kisha nikachukua mizizi, mibichi, ya udongo, ya pori, nani anajua nani aliishika. Mikono ilikataa. Nikatia mizizi nayo mu nyungu, ikatokota nusu ya siku. Nikachanganya na muti murefu, bila kugusa. Nikafunika. Asubui nikafungua. Ilikuwa vilevile. Uji ilikuwa uji, tena nzito kuliko jana.

Nilienda nayo, siku ya posho ya kwanza. Nilivaa bile bintu ya ngozi ya ku mikono, yenye Baba Monga anavaa pale pa moto, inafika ku kiwiko. Nikafunga kitambala ku kinywa na ku pua. Batoto balinifuata njia yote, balidhani ni muntu wa maski ya kanivali. Nikaketi. Bantu balikuya, juu balikosa munkoyo muda mingi. Balisimama mbele yangu, banangojea. Munajua banangojea nini. Muuzaji wa munkoyo anakunywa kopo ya kwanza mwenyewe, mbele ya bantu, ili baone kama hakuna ubaya ndani. Bila ile hakuna mwenye atakunywa, hata ndugu yako. Nilishika kopo. Nikaiangalia. Nikairudisha chini. Bantu bakaangaliana. Wa kwanza akaenda, wa pili akaenda. Mangaribi ilikuwa bado mbali na nilikuwa nimebakia peke yangu na ndobo yangu, na mama wa bitoyo amesimama kule anapima fasi na macho.

Fundi Mwansa akachukua kijiko, akaitia mu ndobo. Kijiko ilisimama. Akachota kidogo, akapaka ku kola ya shati yenye alikuwa anashona, akaiweka ku jua. Ikakauka ikawa ngumu sawa kibao. Akaita bantu baone. Akasema Samaki ameleta dawa ya kola, kopo moja inatosha kwa kola ya bamwalimu bote ba Bel-Air.

Soko ilicheka. Nilimutukana, na mama yake, na jamaa yake yote mpaka kule ku muto kwenye banaishi na meno yabo mibaya. Nilikuwa nimesimama. Nilikuwa nimetosha kitambala ku kinywa ili maneno itoke muzuri. Na mu katikati ya matusi nikasikia kitu, ni cheko yangu. Ilikuwa imekauka, ilitoka na kikohozi. Baba Monga alisema alisikia kutoka ku mulango ya soko, akaketi chini.

Juma yenye ilifuata nilifanya kazi ngumu kupita kuzaa. Nilijua mizizi haitaki moto. Ikitokota inakufa, na ikikufa hakuna munkoyo, na bila munkoyo hakuna fasi, na bila fasi nitabakia mu ile chumba mpaka Mwansa akuye kubeba nyungu kweli. Nikamuuliza Kasongo. Akasema, mayi utokoteshe. Mizizi uinawe mara tatu na ile mayi. Mikono unawe na sabuni, ukate kucha. Kisha, Nkambo, yenye kubakia umuachie Mungu, haiwezi kupungua zaidi.

Siku ya tano ya juma, mangaribi, nilinawa mizizi. Nikatwanga. Uji ilikuwa imepoa. Nikanawa mikono mara moja. Nikasimama pale na mikono juu sawa padri. Baba Monga alikuwa anaangalia toka salo. Nikaingiza mukono. Ilikuwa ya baridi, laini, na mizizi ilinuka udongo yenye mvua imepiga. Nikakoroga, nalia, nakoroga. Kisha nikafunika, nikamuambia Baba Monga abebe mutosalo yake ya kulalia airudishe mu chumba.

Asubui munkoyo ilikuwa mayi.

Siku ya posho soko ilikuwa imejaa. Shefu wa soko alikuwa pale, mama wa bitoyo alikuwa pale na kikapo yake tayari, ameketi juu yake. Nikaweka ndobo, kifuniko, ingine ya mayi ya kutokota, sabuni. Mikono mitupu. Bantu bakasimama. Nikachota kopo. Ilikuwa ya baridi ku vidole. Nikaona beseni ya ku kilio, nikaona tundu ya kitanda. Niliangalia Mwansa. Alikuwa na sindano mu kinywa. Nikafunga macho, nikakunywa. Nilimaliza yote. Ilikuwa tamu, bamama.

Nikafungua macho, na bado hakuna muntu alisogea. Balikuwa bananiangalia kama nitaanguka. Njo Mwansa akatosha sindano, akakuya, akaninyanganya kopo mu mukono, kama vile mutani anafanya, akaipeleka ku ndobo.

Nikamupiga ku mukono, kopo ikaanguka.

"Acha mukono yangu, Samaki, nina kiu."

"Utakunywa. Hii kwanza inanawa."

Nikaiokota. Nikainawa na sabuni, nikaimwangia mayi ya moto, nikaikausha na kitambala safi. Yeye anangojea, ulimi inje, anaita bantu bashuhudie kama samaki anachelewesha mamba. Nikachota, nikamupatia. Alikunywa moja, akaomba ya pili. Nikanawa tena. Kisha ya pili yake mama mumoja akasogea, kisha kijana wa kinga, mwenye baiskeli, kisha bote. Nilinawa makopo mpaka mikono ikauma, na ndobo ikaisha mbele ya saa sita. Mama wa bitoyo alibeba kikapo yake polepole. Na yeye alikunywa.

Nashukuru Mungu. Nashukuru munganga mufupi, ameisha kurudi kwabo. Nashukuru Kasongo, na Baba Monga, mwenye hakunicheka hata mu ile abakosti. Ule mamba simushukuru, butani inakataza.

Na ninyi bamama munaosoma, munisikie. Mayi ya kunywa mutokoteshe. Ku kilio, mayi ya kunawa imwangwe juu ya mikono ya kila muntu, beseni ile mutupe, hata kama mukubwa anawaangalia mubaya. Ukiharisha mayi ya muchele, usingojee hata saa moja, hata kama shefu wa barabara anakuita mutoro. Na ukiisha kupona, na ukasikia nyumba imekuwa ndogo na javeli iko mu pua, usiseme ni akili. Umuite muntu, akuye aketi ku jiwe mu kiwanja yako. Na kama jirani amepona, musimusifu kwa kujifungia. Muende kwake mugonge.

Niko ku fasi yangu kila siku ya kazi, toka asubui. Kopo ya kwanza nakunywa miye, na macho yenu inaona.